Jina la Baba kwenye Mawe ya Watu

"Sista, jiki iko wapi?"

Aliinua kichwa akanitazama kama nimemwomba shoka. "Jiki ya nini? Unataka kuua jiwe la watu?"

Ndivyo nilivyojifunza kwamba jiwe la kaburi halioshwi kwa jiki. Huoshwa kwa maji matupu na brashi laini, ukianzia chini kupanda juu, ili uchafu unaotiririka usiache michirizi pale ambapo hujafika. Brashi ya waya ni dhambi. Jiki inaling'arisha jiwe mwaka huu na kulila miaka yote inayofuata. Mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo jiki ilikuwa jibu la kila doa, nilibaki nimepiga magoti na ndoo yangu, nikaanza upya.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, kwenye shamba moja kusini mwa mji wa Lancaster, Pennsylvania. Mahindi yalikuwa yametoka juzi tu. Katikati ya shamba upo ukuta mfupi wa mawe uliozungushiwa eneo lisilozidi uwanja wa netiboli, na ndani yake makaburi kama hamsini na mti mmoja mkubwa. Trekta likifika hapo hupinda, likazunguka ukuta, kisha likaendelea na msitari wake. Ukitazama kwa mbali unaweza kudhani ni zizi. Mimi nilidhani hivyo.

Sista ni mwenyeji wangu. Aliwahi kuwa muuguzi katika hospitali ya Shirati miaka ya 60, na Kiswahili alichorudi nacho hajakibadilisha tangu siku hiyo. Anasema "Sirati" na "sule", kama wazee wetu wa Kijaluo ambao ndimi zao hazina "sh". Mara ya kwanza aliponipigia simu nilidhani naongea na bibi yangu aliyefufuka. Kila mwaka ukoo wao hukutana shambani hapo kufyeka nyasi, kuinua mawe yaliyoinama na kuyaosha, kisha wanakula. Safari hii alinialika. "Njoo, nyar Sirati," yaani binti wa Shirati, aliniambia, "uone wafu wetu tunavyowatunza. Halafu utanieleza ya kwenu."

Ya kwetu ndiyo yaliyokuwa yakinisumbua. Baba alikufa Mwanza miaka miwili iliyopita, akasafirishwa hadi nyumbani Rorya, akazikwa. Mimi niliyaona mazishi kwenye simu, kwa sababu karatasi zangu zilikuwa hazijakamilika na ningetoka nisingeweza kurudi. Picha ilikuwa ikikwama kila baada ya nukta chache. Niliona jeneza liko mlangoni, halafu ikakwama, halafu nikaona udongo. Sasa ndugu zangu wanataka kulijengea kaburi, na wananiuliza maswali mawili ambayo nilidhani ni mepesi. Jina gani liandikwe? Na alizaliwa lini?

Jiwe la tatu nililoosha lilikuwa la rangi ya majivu, limejaa kuvu la kijani. Nilipopitisha brashi, herufi zikaanza kutokea moja moja. E. Kisha L. Kisha A. Kabla ya M kutoka tayari moyo ulishaanza kunidunda, kwa maana hilo ndilo jina la baba yangu. Elam.

Nilimwita Sista kwa sauti. Akaja polepole na fimbo yake, akatazama, akacheka. "Huyo mmoja tu? Pita ule msitari wa nyuma." Nikapita. Wapo wengine wawili. Lancaster, Elam ni jina la kila siku kama Juma Tanga. Waamishi na Wamennonite, madhehebu mawili ya Kikristo ya huku, wote wanalo, na kwenye vibanda vya mboga kandokando ya barabara unaliona limeandikwa kwa mkono kwenye ubao. Limetoka kwenye Mwanzo 10, miongoni mwa wana wa Shemu, jina ambalo Wakristo wengi hulisoma haraka ili wafike kwa Abrahamu.

Kwetu lilifika kwa njia nyingine. Mwaka 1934 Elam Stauffer na mkewe Elizabeth, watu wa Lancaster hii hii, walianzisha misheni kwenye kilima cha Katuru, Shirati, karibu na mwambao wa Ziwa Victoria na si mbali na mpaka wa Kenya. Walitumwa na bodi ya misheni ya Wamennonite wa mashariki mwa Marekani. Kutoka Shirati kazi ikaenea Bukiroba, Mugango, Bumangi na Nyabasi, ikaingia kwa Wajita, Wazanaki na Wakurya, na ndiyo leo Kanisa la Mennonite Tanzania, ambalo sisi tunaliita KMT bila kufikiri herufi hizo zinasimama badala ya nini. Babu yangu alikuwa mfyatua matofali pale misheni. Akasoma, akabatizwa, na mwaka 1947 alipopata mtoto wa kiume akampa jina la mzungu aliyembatiza.

Msomaji asiye Mjaluo anaweza asione uzito wa jambo hilo. Kwa desturi yetu, mtoto hupokea jina la mtu wa ukoo aliyekufa. Mara nyingi marehemu mwenyewe hudai jina lake: anamjia mtu ndotoni, au mtoto analia usiku kucha mpaka jina linalofaa litajwe, ndipo anyamaze. Jina ni mtu anayerudi. Sasa babu akampa mwanawe jina la mtu aliye hai, asiye wa damu, ambaye mizimu yake ilikuwa imelala chini ya mahindi ya Pennsylvania. Inasemekana bibi hakubishana naye. Alimwita mtoto Otieno, yaani aliyezaliwa usiku, na nyumbani hakuna aliyewahi kumwita vinginevyo. Elam lilikuwa la kanisani, la shule na la kitambulisho. Otieno lilikuwa la kuitiwa chakula.

Ndiyo maana kaka yangu anataka "Elam" kwenye kaburi, kwani ndilo la cheti, na shangazi anataka "Otieno", kwani ndilo alilolijua mama yake. Na fundi anatoza kwa herufi.

Wakati wa chakula Sista alinikalisha kati ya binamu zake wawili wazee. Sikuwa hata nimeonja viazi, wakaniuliza jina langu la mwisho. Nikasema Elam. Meza nzima ikageuka. Elam yupi? Wa upande gani? Nikawaeleza, na nilipofika kwenye Shirati wakaanza kuhesabiana: fulani alikuwa daktari huko, yule alioa binti wa fulani, mama yake alikuwa wa ukoo wa Metzler, kwa hiyo wewe Sista na huyo... Waliendelea hivyo kama nusu saa. Wenyewe wanautania kuwa ni mchezo wao, Wamennonite wawili wakikutana popote duniani hawaachani mpaka wapate babu anayewaunganisha. Kwa Kijerumani chao cha Pennsylvania ukoo huo mpana wanauita "Freindschaft". Nilicheka peke yangu, kwa sababu mtu mzima wa Kijaluo akikutana nawe stendi ya basi swali lake la kwanza ni hilo hilo: in nyar kanye? Wewe ni binti wa wapi? Hakuulizi unafanya kazi gani. Anataka kujua wa kwenu wamelala ardhi ipi.

Tofauti yetu iko kwenye karatasi. Wao wana vitabu vya koo vinene kama Biblia, na wana maktaba mjini yenye kadi za vizazi. Mmoja wa wale binamu alinitajia vizazi kumi bila kushika pumzi, mpaka Uswisi. Babu yangu naye angeweza kumi, lakini alikufa navyo.

Safari yao ndefu imekaa kwenye mawe yale ukijua pa kutazama. Wabatizaji, watu waliosema kwamba mtoto mchanga hawezi kuamini na kwa hiyo abatizwe mtu mzima, walianza Zürich mwaka 1525. Miaka miwili baadaye, Januari 1527, Felix Manz, mmoja wa waanzilishi wao, alifungwa mikono akatoswa mtoni Limmat. Ulibatiza kwa maji, basi ufe kwa maji. Jina la Wamennonite lilitokana na Menno Simons, padri wa Friesland aliyeacha Ukatoliki mwaka 1536, ila watu wa Lancaster wengi chimbuko lao ni Waswisi waliokuwa wakiwindwa, na mji wa Bern uliajiri hata watu wa kazi hiyo maalumu. Hans Landis alikatwa kichwa Zürich mwaka 1614. Leo ukitembea Lancaster unakutana na Landis kwenye bango la barabara na kwenye mawe ya makaburi, mpaka unasahau kwamba jina hilo liliwahi kuwa na bei.

Kutoka Uswisi walikimbilia Palatinate, Ujerumani, nchi iliyokuwa imebaki magofu baada ya Vita vya Miaka Thelathini na iliyohitaji wakulima kuliko ilivyochukia imani yao. Huko nako wakabanwa. Mwaka 1710 kikundi kidogo, akina Hans Herr, Martin Kendig, Jacob Müller na wenzao, wakapata hati ya ekari 10,000 karibu na kijito cha Pequea kutoka kwa mawakala wa William Penn, mmiliki wa koloni la Pennsylvania. Nyumba ya mawe ya mwanawe Herr, Christian, bado ipo Willow Street. Juu ya mlango kuna mwaka 1719 na herufi za jina lake zilizochongwa. Ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyobaki katika kaunti ya Lancaster, na ndani yake walikuwa wakisali, kwani kwa miaka mingi hawakuwa na kanisa jingine zaidi ya sebule zao. Sista alinipeleka siku iliyofuata. Nilichokishangaa zaidi ni paa, jinsi lilivyo refu na la mteremko mkali, kama nyumba imevaa kofia ya baba yake.

Kwenye viwanja vya nyumba hiyo, tangu 2013, wamejenga mfano wa nyumba ndefu ya wenyeji wa asili, ya miti na magome. Hapo Sista hakuongea sana. Ekari zile 10,000 zilikuwa na watu. Desemba 1763 genge la walowezi lililojulikana kama Paxton Boys liliwaua Wakonestoga sita kijijini kwao, kisha wiki mbili baadaye likaingia mjini Lancaster mchana na kuwaua 14 waliokuwa wamewekwa mahabusu kwa ajili ya usalama wao. Wawili walinusurika, mume na mke, Michael na Mary, kwa kuwa walikuwa wakiishi kwenye shamba la Mmennonite mmoja, Christian Hershey. Walifia hapo na kuzikwa hapo. Nilimuuliza Sista kama Wamennonite walilipa kwa ardhi ile. Akasema walimlipa Penn. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo ndilo jibu, na silipendi."

Turudi makaburini, maana huko ndiko nilikokaa siku nzima.

Yale ya zamani kabisa ni mawe ya shambani tu, yaliyookotwa, na juu yake herufi mbili na mwaka, zimechongwa na mtu asiye fundi. Yanayofuata yana Kijerumani kwa herufi zile za miiba. Baada ya hapo Kiingereza. Kisha marumaru nyeupe ya karne ya 19, ambayo ni nzuri siku ya kwanza na mbaya kuliko zote baada ya miaka mia, maana mvua huiyeyusha kama sukari. Jiwe la shambani bado linasomeka. Marumaru imekuwa kidonge kilichonyonywa. Nilipiga picha nikamtumia kaka, ambaye tayari alikuwa ameshaulizia bei ya marumaru Musoma.

Yote yametazama mashariki, miguu kuelekea jua linapotoka, ili siku ya ufufuo watu wainuke wakiwa wameshageukia upande unaostahili. Mengi yana jiwe dogo la pili miguuni, kwa hiyo kaburi linafanana na kitanda. Na karibu yote yana kimo kimoja. Walikuwa na neno la kiburi, Hochmut, waliloliogopa kuliko ulevi, na kiburi cha maiti kilikuwa kibaya kuliko cha mzima kwa sababu hakiwezi kutubu. Tajiri wa shamba na mjakazi wake wanakufikia magotini wote wawili. Nikafikiria makaburi ya siku hizi kwetu, vigae vya bafuni, paa la bati, picha ya marehemu ndani ya kioo, na taa ya sola inayobadilisha rangi. Sisemi ni vibaya. Shangazi angeniuliza kama nataka baba alale kama asiye na watoto.

Lakini kilichonishika ni hesabu. Mawe yale hayasemi mtu alizaliwa lini. Yanasema alikufa lini, na aliishi miaka mingapi, miezi mingapi, siku ngapi. "Alt 71 Jahr, 3 Monat, 12 Tag." Mwenye jiwe hilo alikufa tarehe 9 Machi 1842. Tulikaa chini ya mti tukapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi: ondoa miaka 71, unapata Machi 1771, ondoa miezi mitatu, Desemba 9, 1770, ondoa siku 12. Novemba 27. Sista alimaliza kabla yangu. Nikamuuliza kwa nini wasingeandika tu tarehe ya kuzaliwa tukapumzika. Akanijibu kwa Zaburi ya 90, kwa Kiswahili, bila kusita: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima."

Siku 12. Wakulima waliokimbia kutoka nchi mbili, wasio na kanisa, wanajua kwamba mzee wao aliishi siku 12 za ziada. Na mimi, binti wa mtu mwenye kadi ya NIDA, sijui hata mwezi aliozaliwa baba. Kwenye kadi imeandikwa 1 Julai 1947, tarehe ambayo karani aliwapa watu wengi wa umri wake walipokuwa hawajui. Nimeuliza wazee wote waliobaki. Nilichopata ni kwamba wimbi lilikuwa linavunwa, na jina lake. Otieno. Tunajua ulikuwa usiku. Hatujui usiku gani.

Sista aliniuliza, "Na kwenu mnawazika wapi?" Nikamweleza: nyumbani, ndani ya boma, mwanamume upande wa kulia wa nyumba yake, mke kushoto. Hatuna eneo la makaburi. Nyumba ndiyo makaburi. Ukienda choo usiku unawapita wazazi wako. Ndiyo maana maiti ya Mjaluo husafirishwa hata kama ni kutoka ng'ambo, na ndiyo maana Kenya nzima ilisimama kufuatilia kesi ya mwanasheria S. M. Otieno, aliyekufa Desemba 1986 na kulala mochwari miezi mitano huku mjane wake akitaka azikwe shambani kwao karibu na Nairobi na ukoo ukitaka arudi kwao Nyalgunga. Ukoo ulishinda, akazikwa Mei 1987. Sista aliikumbuka. Alisema wamisionari waliijadili kwa wiki nzima, na kwamba yeye alikuwa upande wa mjane. Nikamwambia baba alikuwa upande wa ukoo. "Otieno kwa Otieno," akasema.

Tulipokuwa tunakusanya ndoo nilirudi kwenye jiwe la Elam. Jina lake la ukoo lilikuwa limeandikwa tofauti na la mkewe aliyelala kando yake, herufi moja imepungua. Nikadhani ni kosa. Sista akasema nusu ya makaburi yale ni makosa. Karani Mwingereza alisikia Kijerumani akaandika alichosikia, na watu wakakubali, au hawakujua kusoma Kiingereza wakabishe. Schenk akawa Shenk. Weber akawa Weaver. Müller akawa Miller, Hirschi akawa Hershey. Wajukuu wakazaliwa na kosa, wakaoa na kosa, wakalipia jiwe lichongwe kosa. Leo mtu akiliandika vile lilivyokuwa mwanzo, wao ndio wanaomsahihisha.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi za kwetu huku, ambazo ni saa kumi na moja jioni Rorya, simu ilitetema. Kaka amenitumia picha. Hawakungoja marumaru, hela ilikuwa haitoshi. Fundi amemimina simenti na kuandika kwa msumari ikiwa mbichi, majina yote mawili kama tulivyokubaliana na shangazi, na chini yake maneno niliyowaomba mimi. Herufi zilikuwa zimenyooka, amepiga msitari kwa uzi kabisa.

ERAM OTIENO
ALIZALIWA USIKU, 1947

Fundi ni Mkurya wa Tarime. Kikurya hakina L.

Chini ya picha kaka ameandika: "Dada, umeona? Simenti bado haijashika. Afute?"

Nilikuza picha kwa vidole viwili, nikaitazama ile R muda mrefu. Fundi aliikunja mguu wake vizuri, kwa madaha kidogo. Nikamjibu: mwache.

Kaka akakaa kimya kama dakika tano. Halafu: "Haya. Lakini hiyo R anataka bei ile ile."